Mchango wa Mstari Mmoja

Ndanda, Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri.
Jumuiya ya Mtakatifu Maurus inasali barazani kwa Mama Nandonde,
watu tisa, mkeka mmoja,
na Odilo anapitisha kikapu kile kile
kilichotobolewa na panya, kikazibwa kwa uzi wa nailoni.
Si yeye aliyekiziba. Hajui ni nani.

"Mchango," anasema. Natoa mia tano.

Jana usiku nilitoa mchango mwingine:
mstari mmoja tu,
katika programu huria ya kuhesabia korosho za chama cha msingi.
Ilikuwa inameza nusu kilo.
Gunia la themanini na nusu linaandikwa themanini,
msimu mzima, kimyakimya,
kangomba isiyo na bakuli.
Nikaiziba.
Na neno ni lile lile, mchango,
lugha yetu haikuhangaika kutafuta jingine.

Huko nako wamo watu nisiowajua sura.
Mmoja anajiita Kenge Mvivu, sijui analala nchi gani.
Alinirudisha mara nne:
punguza hapa, eleza pale, jaribu kwanza, rudi.
Ndivyo alivyonirudisha Skolastika, mkuu wa wasomaji,
nyuma ya kabati la sakristia, mwaka wa kipaimara changu:
"Umeruka nukta. Paulo alivuta pumzi hapo. Rudia."
Nililia kwa hasira.
Miaka ikapita ndipo nikaelewa:
anayekurudisha
amekusoma mpaka mwisho.

Usidhani nahubiri. Magomvi yapo.
Kwaya yetu ilipasuka mwaka ule wa kinanda.
Nusu waliondoka na nyimbo zote kichwani,
nani angewapekua mlangoni?
Wakaanza kwaya yao kule Mwena,
nyimbo zile zile, mwendo wa kasi zaidi,
na, nikiri, besi yao inaishinda yetu.
Programu nayo ilipasuka Machi.
Sasa ni matawi mawili; usiku tunachunguliana,
tunaokota marekebisho ya wenzetu
bila hodi, bila salamu,
na hakuna anayeita wizi.

Ila kuna jambo moja halilingani,
nalo ndilo linaloninyima usingizi.
Kitubioni, padre akishatamka maneno yale,
hakuna daftari. Kosa linakwenda lisikojulikana.
Kule kwetu kosa halifutwi.
Mtu wa Nachingwea, mtu wa ng'ambo ya dunia,
akifungua historia anaona:
mstari wa arobaini na moja,
umeharibiwa na Plasidi Chilumba,
Juni tisa, saa sita na dakika nane usiku.
Chini yake: umerekebishwa na Kenge Mvivu.
Chini yake tena: Plasidi Chilumba,
bado yupo, anafanya kazi.
Hawakunifukuza. Hawakusahau.
Sijui huruma ipi ni kubwa.

(Siku moja nitaomba daftari la hazina ya kigango
liachwe wazi vivyo hivyo, kila shilingi na jina lake.
Nimeshaipanga sentensi. Bado sijapata mdomo.)

Baada ya sala nilimfuata Odilo sakristia.
Alikuwa anakwangua nta vinarani,
matone ya Pasaka, ya mazishi, ya ndoa ya kina Mmuya,
yote ndani ya kopo moja la nyanya, juu ya jiko,
na nyuzi za utambi zimekaa tayari begani.
Nikamweleza habari zangu zote, mstari, historia, Kenge.
Alisikiliza huku akikoroga.

"Wanakulipa?"
"Hapana."
"Na huyo Kenge?"
"Naye hapana."
Akacheka kidogo, puani.
Mwaka wa thelathini na moja huu anagonga ile rimu ya lori
tunayoiita kengele.

"Shika kopo," akasema.
"Kwa kitambaa. Lina moto."